Taka, Mitaro na Muhuri wa Mtaa: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Maswali yaliyotufikia safari hii yanatoka miji mbalimbali ya Tanzania Bara, lakini mengi yana chanzo kimoja: mkazi anaijua shida yake vizuri, ila hajui ni ofisi ipi inayowajibika nayo, na kila anapobisha hodi anaelekezwa kwingine. Tumeyafupisha bila kubadili maana, na kwa kuwa baadhi yanahusu mivutano ambayo bado inaendelea, hatukutaja majina ya watu wala ya mitaa.

Tunamlipa ada ya taka kila mwezi kijana anayepita na mashine ya risiti, lakini gari halijaonekana kwa wiki tatu na viroba vimeanza kupasuka mbele ya geti. Je, tunaweza kugoma kulipa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hasira yenu ina haki, lakini mgomo utawageuza ninyi kuwa wakosaji. Ada ya taka huwekwa na sheria ndogo ya halmashauri, ambayo huidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) na kutangazwa katika Gazeti la Serikali, na sheria hizo huwa na faini kwa asiyelipa. Upande wa pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziachia mamlaka za serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu katika maeneo yao. Halmashauri inaweza kumpa kazi hiyo mzabuni au kikundi cha jamii, lakini jukumu lenyewe linabaki kwake. Kwa hiyo anayepaswa kujibu kuhusu wiki hizo tatu ni halmashauri, hata kama gari ni la mtu binafsi.

Tunzeni risiti zote, andikeni tarehe ambazo gari halikupita, kisha pelekeni barua yenye saini za kaya kadhaa kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa, na nakala kwa Afisa Afya wa Kata. Ombeni jambo moja mahususi, yaani kuonyeshwa ratiba ya magari iliyomo katika mkataba wa mzabuni, kwa sababu barua inayosema tu kwamba "taka zimezidi" hujibiwa kwa ahadi. Ni vema pia kuelewa kinachotokea upande wa mzabuni. Mara nyingi kipato chake hutokana na ada zenu, na gari linalotoka Tegeta au Mbagala hadi dampo la Pugu Kinyamwezi hupoteza saa nyingi kwenye foleni, hivyo mtaa ambao nusu ya kaya hazilipi ndio wa kwanza kurukwa. Jambo hilo halimwondolei lawama, bali linaeleza kwa nini malalamiko ya wanaolipa yana uzito kuliko ya wasiolipa.

Historia ya jiji lenu inaonyesha kwamba wakazi wakishikamana wanaweza kusikilizwa hadi Mahakama Kuu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walifungua kesi kupinga dampo lililokuwa likiwafukiza moshi na harufu, wakashinda, na Jiji lilipoomba kuongezewa muda wa kuendelea kumwaga taka hapo, Mahakama ilikataa. Dampo likahamishiwa Kunduchi Mtongani, na huko nako wakazi wakaenda mahakamani mwaka 1991 na kushinda. Simshauri mtu akimbilie wakili kwa sababu ya gari lililochelewa, ila ni vizuri ofisi ya usafi ikumbuke kwamba njia hiyo ipo na iliwahi kutumika.

Nilikwenda kuomba barua ya utambulisho, nikaambiwa nianze kwa balozi wa nyumba kumi, kisha nitoe "hela ya muhuri". Je, balozi ni sehemu ya serikali? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Balozi ni kiongozi wa chama, yaani CCM, na nafasi yake ni mabaki ya enzi za chama kimoja, kabla ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992. Serikali ya mtaa ni Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Mtaa, ambao walichaguliwa mara ya mwisho tarehe 27 Novemba 2024, pamoja na Afisa Mtendaji, ambaye ni mtumishi wa halmashauri. Watendaji humtumia balozi kwa sababu anazifahamu kaya, lakini huo ni urahisi wa kazi tu. Nenda na kitambulisho cha NIDA na, ikibidi, mwenye nyumba wako au mjumbe wa Kamati ya Mtaa anayekufahamu.

Kuhusu hela ya muhuri, omba namba ya kumbukumbu ya malipo. Fedha iliyotolewa bila namba hiyo wala risiti ya mfumo haijaingia serikalini.

Masika yakianza, mtaro wa kando ya barabara yetu hufurika na maji huingia hadi vyumbani. Diwani anasema ni kazi ya TARURA, TARURA wanasema ni usafi wa halmashauri, na jirani mmoja anatapishia choo humo humo. Tuanzie wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapa pana matatizo matatu yaliyofungwa katika swali moja, na kila moja lina mwenyewe.

La kwanza ni mtaro kama sehemu ya barabara. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na barabara za mitaani na vijijini zimekuwa chini ya TARURA tangu wakala huo ulipoanzishwa mwaka 2017. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri, ndiyo maana wakazi wengi bado humlaumu mkurugenzi wa halmashauri kwa kila shimo. Mtaro uliojengwa pamoja na barabara humfuata mwenye barabara. Kama ni mwembamba mno, umebomoka, au kalavati lake liko juu kuliko usawa wa maji, barua yenu iende kwa Meneja wa TARURA wa wilaya. Msione haya kudai, kwani tangu mwaka wa fedha 2021/22 kila lita ya petroli na dizeli imeongezewa tozo ya shilingi 100 kwa ajili ya barabara hizo, na hata anayepanda daladala huichangia kupitia nauli.

La pili ni mchanga na taka zilizouziba. Hapo ni usafi, na wajibu ni wa halmashauri pamoja na ninyi wenyewe. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hutoka na makoleo kusafisha mitaro, jambo jema, lakini angalieni kinachofuata: tope huzolewa na kulundikwa ukingoni, mifuko na chupa zikiwa ndani yake, gari la kuliondoa halifiki, na mvua ya kwanza hulirudisha lote mtaroni. Kabla ya Jumamosi hiyo, mtendaji apate ahadi ya maandishi kuhusu gari la kubeba tope. Bila hivyo mtakuwa mnahamisha uchafu kwa nusu mita na kuurudisha.

La tatu, jirani anayetapisha choo, ni kosa chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na anayepaswa kulishughulikia ni Afisa Afya wa Kata, ambaye anaweza kumpa hati ya kumtaka arekebishe na akikaidi akamfikisha mbele ya sheria. Najua ugumu wa kumshtaki mtu mnayeazimana naye ndoo. Hata hivyo, maji yanayoingia vyumbani mwenu yana kinyesi, na maradhi ya kipindupindu hayabagui nyumba ya aliyetapisha na ya aliyenyamaza.

Pimeni pia kina cha maji kwenye ukuta wakati wa mafuriko na kukipiga picha. Mhandisi akiona alama ya maji iliyopita dirishani, mazungumzo huwa mafupi. Miradi mikubwa kama DMDP, yaani mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, uliojenga barabara na mitaro katika Ilala, Kinondoni na Temeke kwa mkopo wa Benki ya Dunia, huchagua maeneo kwa kuangalia ushahidi wa namna hiyo pamoja na vipaumbele vya halmashauri.

Mimi ni mpangaji. Kila mwezi nikinunua umeme nakatwa kodi ya jengo. Kwa nini nimlipie mwenye nyumba? (Msomaji, Mwanza)

Kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, Agosti 2021, na tangu Julai 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida mijini ni shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, na kwa nyumba ya ghorofa ni shilingi 7,500 kwa mwezi kwa kila ghorofa. Kisheria mdaiwa ni mwenye jengo. Wewe umekatwa kwa sababu mita iko mikononi mwako, hivyo una haki ya kukubaliana naye kiasi hicho kipunguzwe kwenye kodi ya pango. Tunza ujumbe wa kila manunuzi ya umeme, kwa kuwa unaonyesha makato, na liwekeni jambo hili katika mkataba kabla ya kulipa tena kodi ya miezi sita.

Kama nyumba moja ina mita kadhaa na zote zinakatwa, taarifa ipelekwe kwa mamlaka inayosimamia kodi ya majengo, si TANESCO (shirika la umeme), maana TANESCO hukusanya tu. Wazee wa miaka 60 na zaidi wamesamehewa kodi hiyo kwa nyumba moja wanayoishi, lakini msamaha hauji wenyewe, mhusika huuomba.

Nimenunua kiwanja ambacho hakijapimwa. Ofisi ya mtaa inadai asilimia 10 ya bei ndipo igonge muhuri kwenye mkataba. Je, ni halali? (Msomaji, Dodoma)

Katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hakuna kifungu kinachompa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa asilimia yoyote ya bei ya kiwanja. Desturi hii imeenea mno kiasi kwamba madalali huitaja kama gharama ya kawaida, lakini kuenea kwake hakuipi uhalali. Ipo kodi halali ya serikali anayotozwa muuzaji kwa faida aliyopata, na hiyo hukusanywa na Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa namba ya malipo. Huenda ndiko baadhi ya watu walikoikopa hiyo asilimia 10.

Andika mkataba mbele ya wakili, na uiombe serikali ya mtaa ithibitishe kwamba inamtambua muuzaji na haina taarifa za mgogoro wa eneo hilo. Majirani wa pande zote nne washuhudie mipaka. Hao wanne wana manufaa kuliko muhuri, kwa sababu siku ya kesi katika Baraza la Ardhi ndio watakaoitwa. Ukikataliwa kwa kukosa kutoa fedha, muombe anayekukatalia aandike sababu, kisha uende TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.

Kikundi chetu cha akina mama tisa kinashona sare za shule. Tuliomba mkopo wa halmashauri tukaambiwa mikopo imesimama. Je, imerejea? (Msomaji, Tanga)

Imerejea. Utoaji ulisitishwa Aprili 2023 baada ya dosari zilizoonekana katika ripoti za ukaguzi, zikiwemo fedha zisizorejeshwa, na ukarejeshwa mwaka 2024. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Kwa kuwa chanzo ni mapato ya ndani, halmashauri yenye ushuru mkubwa wa masoko na leseni huwa na fungu nono, na ile ya pembezoni huwa na kidogo, hivyo msilinganishe mlichopewa na kikundi cha jiji.

Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, mkiwa na cheti cha usajili, katiba ya kikundi, akaunti ya benki na andiko fupi la mradi. Andiko ndilo linaloangusha wengi. Msiandike kwamba mnataka "kukuza mtaji". Andikeni idadi ya cherehani mlizo nazo, sare mnazoshona kabla ya shule kufunguliwa Januari, bei ya kitambaa kwa mita, na mwezi ambao shule huwalipa. Biashara yenu ni ya msimu, kwa hiyo ombeni ratiba ya marejesho inayofuata msimu huo.

Tangu uchaguzi mwenyekiti wetu hajasoma mapato na matumizi, ingawa kila kaya ilichangia ujenzi wa ofisi ya mtaa. Tumfanyeje? (Msomaji, Arusha)

Mkutano Mkuu wa Mtaa ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, wapangaji wakiwemo, na michango ya ujenzi ni fedha ya umma tangu inapopokewa. Mwandikieni Afisa Mtendaji, ambaye ndiye katibu wa mkutano na mtunza nyaraka, mkiomba mkutano uitishwe ukiwa na ajenda hiyo kwa jina. Asipojibu, barua ya pili iende kwa Mtendaji wa Kata na nakala kwa Mkurugenzi.

Mkutano ukifanyika, msiondoke kabla azimio halijaandikwa katika muhtasari na kusomwa kwa sauti. Nasisitiza hili kwa sababu muhtasari ndio unaopanda ngazi: kutoka mtaani huingia katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na ambayo mwenyekiti wenu ni mjumbe, kisha halmashauri. Ombi la zahanati au kivuko lililotolewa kwa mdomo halimo katika karatasi hizo, na mwaka wa fedha unapoanza Julai 1 bajeti huwa imekwisha kupitishwa miezi kadhaa nyuma. Hivyo mambo mnayotaka yafanyike mwakani yaingizwe kwenye muhtasari kabla ya Desemba.

Mkutano wa Baraza la Madiwani nao ni wa wazi. Chagueni watu wawili wakaketi upande wa wasikilizaji na daftari, hasa siku taarifa za kata zinaposomwa, wasikie kama ofisi yenu iliyojengwa kwa michango imetajwa kuwa imejengwa kwa fedha za halmashauri.