Riwaya yangu inarushwa bure WhatsApp: naumia au natangazwa?

Ndugu, umeuliza kama PDF ya riwaya yako inayorushwa bure kwenye makundi inakuumiza. Inaumiza pale nakala inapochukua nafasi ya mnunuzi. Asiyekuwa na nia ya kununua hakupunguzii kitu. Ila wewe unauza mwenyewe kwa simu, kwa hiyo faili ndilo duka lako lote.

Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999. Usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ni wa kuimarisha ushahidi, lakini ufanye. Kisha kila mnunuzi mtumie faili lenye namba yake ya muamala kwenye kurasa kadhaa, ili ujue aliyevujisha; ziwe za katikati, maana ukurasa wa kwanza hukatwa. Likivuja, piga picha ya skrini yenye tarehe na jina la kundi kabla hujalalamika. Ukitangulia kulalamika, watalifuta faili.