Kuitambua Colt Single Action Army: Anza na Kiunzi, Namba Ije Baadaye

Wengi wanaoanza kukusanya bastola za kale huikimbilia namba ya mfululizo kabla ya kuitazama bastola yenyewe. Kwa Colt Single Action Army, ambayo jeshi la Marekani liliichagua mwaka 1873 na ambayo ndiyo niliyoishughulikia zaidi, nashauri kinyume chake. Anza na kiunzi, yaani mwili wa chuma unaobeba silinda na mtutu, kisha maandishi, kisha vipande vidogo, na namba iwe ya mwisho, kwa sababu namba ni rahisi kughushiwa, ilhali umbo la kiunzi halibadilishwi bila kuacha alama. Kabla ya yote, hakikisha silinda haina risasi, hata kama muuzaji amekwisha kukuapia.

Itazame sehemu ya mbele ya kiunzi, chini ya mtutu, panapoingia mhimili wa silinda. Katika bastola za miaka ya mwanzo mhimili huo hushikiliwa na skrubu iliyopenya kutoka mbele. Mnamo miaka ya 1890 kiwanda kiliachana na skrubu hiyo taratibu na kuweka kitufe chenye springi kinachokatiza kiunzi kwa ubavuni. Wakusanyaji huita kiunzi cha skrubu kiunzi cha baruti nyeusi, na jina hilo lina maana kwa usalama pia, kwani Colt haikuzidhamini bastola hizi kwa baruti isiyo na moshi hadi mwaka 1900, zilipofikia namba 192,000 hivi. Ukiambiwa kwamba bastola ni ya mwaka 1880 na ukakuta kitufe badala ya skrubu, mazungumzo ya bei yanaweza kuishia hapo.

Upande wa kushoto wa kiunzi kuna tarehe za hataza. Za kwanza ni mbili, ya Septemba 19, 1871 na ya Julai 2, 1872. Ya tatu, ya Januari 19, 1875, iliongezwa baadaye. Kwa hiyo kiunzi chenye tarehe ya 1875 hakiwezi kuwa cha bastola iliyokabidhiwa jeshi mwaka 1874, hata kikiwa na chapa nzuri kiasi gani ya mkaguzi Orville Ainsworth. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa kuwa herufi A ya Ainsworth ndiyo inayowavutia zaidi waghushi: alikagua bastola za mwanzo za wapanda farasi, na kila muuzaji angependa yake ihusishwe na kikosi cha wapanda farasi cha kamanda Custer kilichoangamia katika mapigano ya Little Bighorn mwaka 1876. Juu ya mtutu, anwani ya kiwanda cha Hartford iliandikwa mwanzoni kwa herufi za mlazo, kisha zikafuata herufi zilizosimama. Katika mitutu mifupi ya inchi 4¾ anwani hugawanywa kwa kawaida katika mistari miwili, hivyo mtutu mfupi wenye mstari mmoja uliosogea upande wa mdomo unastahili kushukiwa kwamba ulikatwa.

Vipande vidogo havihitaji maneno mengi. Kichwa cha kijiti cha kusukumia maganda kilikuwa duara hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, kisha kikawa umbo la mwezi mchanga. Mpini wa mbao ya jozi ulitangulia, na ule wa mpira mgumu ukaja mwaka 1882. Bastola ambayo herufi SA zinafuata namba yake si ya kizazi cha kwanza, yaani zile za kabla ya Vita Kuu ya Pili. Utengenezaji ulisimama wakati wa vita hivyo na kurejea katikati ya miaka ya 1950.

Aina inayowatatiza watu zaidi ni ile iitwayo Artillery. Bastola za wapanda farasi zilikuwa na mtutu wa inchi 7½. Baada ya jeshi kuchukua bastola mpya za .38 mwaka 1892, hizi za .45, zenye risasi kubwa zaidi, zilibaki ghalani, hadi zilipoanza kutolewa na kukatwa mitutu ifikie inchi 5½. Vita vya Ufilipino vilipoonyesha udhaifu wa risasi ya .38, zilihitajika tena kwa haraka. Mafundi walizifungua, wakasafisha vipande na kuviunga bila kujali kipande kipi kilitoka bastola ipi. Ukiacha zile za mwanzo zilizokatwa mwaka 1895 na 1896, ambazo nyingi zilibaki na vipande vyake, Artillery halisi huwa na namba zisizolingana, na chapa ya RAC ya mkaguzi Rinaldo Carr huonekana mara nyingi kwenye mpini wake. Hapa kulingana kwa namba ndiko kunakonitia wasiwasi.

Nilioneshwa moja katika maonyesho ya silaha, namba zake zote zikiwa sawa, nayo bei imepanda kwa sababu hiyo hiyo. Niliigeuza hadi mwanga ukapita juu ya kitako kwa ubavu. Uso wa chuma pale penye namba ulikuwa umebonyea kidogo kuliko kingo zake, dalili ya kupigwa tupa, na mkia wa tarakimu 9 ulikuwa umenyooka ilhali kwenye kiunzi umepinda. Lenzi ndogo ya kukuzia inatosha kwa kazi hiyo. Tazama pia matundu ya skrubu: yakiwa na kingo zilizolala kama visahani, chuma kimesuguliwa upya, na herufi zilizo karibu nayo huwa zimefifia upande mmoja.

Mwisho ni barua ya nyaraka za Colt, inayotolewa kwa malipo, ambayo hutaja kipimo cha risasi (kaliba), urefu wa mtutu, rangi na mahali bastola ilikopelekwa kwa kadiri madaftari yalivyohifadhi. Iagize kabla ya kulipa, si baada. Lakini barua inazungumzia namba uliyoiandika kwenye ombi; haijaiona bastola iliyo mikononi mwako. Muuzaji akikupa barua badala ya kukuruhusu kuchunguza kitako kwenye mwanga, mrudishie vyote viwili.