Maswali na majibu: Posho ya mtoto na mshahara wa babake

Wiki iliyopita niligusia kwa mistari miwili tu posho ya watoto ya Uingereza (posho ya pesa, si ile ya mahindi), kwamba familia yenye mshahara mkubwa hupunguziwa au hunyimwa kabisa. Nilidhani ni habari ya mbali. Kumbe nusu ya Nairobi ina dada au shemeji huko, na nusu iliyobaki ina hasira na makato ya hapa. Nimechagua maswali machache na kuyafupisha.

Dada yangu anaishi Reading na watoto wawili. Mumewe analipwa pauni 80,000 kwa mwaka, yeye yuko nyumbani na watoto. Posho yote imekwenda. Jirani zao, mume na mke, kila mmoja anapata 59,000 na bado wanapokea posho kamili. Haki iko wapi? – Mama wa South B

Hapo haki haipo, dada, na hesabu yenyewe inaonyesha. Mwaka wa ushuru wa 2025/26 mtoto wa kwanza alikuwa na pauni 26.05 kwa wiki, kila anayemfuata 17.25. Kwa watoto wawili ilikuwa zaidi kidogo ya pauni 2,250 kwa mwaka. Sheria humwangalia mtu mmoja tu, yule mzazi anayepata zaidi. Akivuka 60,000, kila pauni 200 za ziada zinamrudishisha asilimia moja ya posho, hadi akifika 80,000 habaki na kitu. Kwa hiyo jirani wenye 118,000 wakijumlisha wamepita bila kuguswa, na shemeji yako mwenye 80,000 za watu wanne amenaswa.

Mpango huu ulitangazwa na George Osborne mwaka 2010, akiwa waziri wa fedha, ukaanza Januari 2013. Wakati huo kiwango kilikuwa 50,000. Kikakaa papo hapo miaka kumi na moja huku mishahara na bei vikipanda, na watu ambao hawakuwahi kujiona matajiri wakajikuta kwenye orodha ya matajiri. Kilipandishwa hadi 60,000 Aprili 2024. Mwaka huo huo Jeremy Hunt, naye akiwa waziri wa fedha, aliahidi kwamba kipato kitakuja kuhesabiwa kwa nyumba nzima. Serikali iliyofuata ikaiacha ahadi hiyo, hoja ikiwa gharama.

Kwa nini wasijumlishe tu mshahara wa mume na wa mke? Kwa sababu tangu 1990 Uingereza humtoza ushuru kila mtu kivyake. Mamlaka ya ushuru ina faili la mume na faili la mke, lakini haina faili la nyumba yao. Walitaka kukata bila kuchunguza, na ukikata bila kuchunguza utakata vibaya.

Sasa jambo la haraka. Dada yako asiache kujaza fomu ya posho, hata kama hakuna pesa itakayobaki. Anaruhusiwa kuomba asilipwe. Kwa mama asiye na ajira, fomu hiyo ndiyo inayomhesabia miaka ya pensheni mpaka mtoto afike miaka 12. Mpigie leo.

Nalipa PAYE (ushuru wa mshahara), SHA (bima ya afya) na tozo ya nyumba. Nina watoto wanne na serikali hainipi hata shilingi kwa ajili yao. Naambiwa nina mshahara mzuri, nisilalamike. Je, nikome? – Baba wa Kasarani

Usikome. Kabla ya kuanza kuandika nilikaa miaka mingi nikiandaa mishahara ya watu. Kuna mwezi nilikuwa na wafanyakazi wawili waliofuatana kwenye orodha: kijana asiye na mke wala mtoto, anakaa Kilimani, na baba wa watoto wanne. Mshahara ulikuwa mmoja. Nilipochapisha hati zao, ukiondoa majina, zilikuwa karatasi moja. Tuchukue laki moja kwa viwango vya sasa: asilimia 2.75 ya bima ya afya ni Sh2,750, asilimia 1.5 ya nyumba ni Sh1,500, na nafuu ya ushuru ni Sh2,400 kwa kila mmoja. Nafuu hiyo haiulizi una watoto wangapi. PAYE ya Kenya haimwoni mtoto.

Watu wanaposema mwenye mshahara mkubwa hahitaji posho, humlinganisha na mama mboga wa Kayole. Ukifanya hivyo bila shaka atashindwa, na ni haki ashindwe. Lakini kuna ulinganisho wa pili ambao husahaulika: mweke karibu na yule kijana wa Kilimani. Wanapata sawa, wanakatwa sawa, ila mmoja anavisha na kusomesha watu wanne ambao kesho watalipa ushuru wa kuwatunza wazee, kijana huyo huyo akiwemo. Posho ya watoto inayotolewa kwa wote ndiyo njia ya kuwatofautisha hao wawili. Ujerumani wanaielewa hivyo: mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto, awe wa daktari au wa msafisha ofisi. Pengo kati ya daktari na msafishaji hushughulikiwa kwenye ushuru.

Uingereza wanabishana kama mwenye nacho apokonywe. Sisi, ukiacha majaribio machache, hatukuwahi kumpa, ndiyo maana hatuna kelele.

Dishi na County, mpango wa chakula wa Kaunti ya Nairobi, inalisha watoto wote wa shule za msingi za umma. Si upotevu kumlisha mtoto ambaye mamake ana gari? – Mlipa ushuru, Lang'ata

Nilikwenda kutazama, katika shule moja ya Eastlands, saa sita na nusu mchana. Watoto wa gredi ya pili wamepanga foleni, kila mmoja na kibangili mkononi. Anakigusisha kwenye kimashine, kinalia, shilingi tano alizoweka mzazi kwa simu zinakatwa, anapewa wali na ndengu. Kwa mtoto mmoja kimashine kilinyamaza. Mama wa jikoni akakishika kile kibangili, akakipangusa na pindo la leso yake, akajaribu tena. Kikalia. Foleni ikasonga. Sikusikia mtoto akiulizwa babake anafanya kazi gani.

Sasa fikiria foleni hiyo hiyo ikiwa na meza pembeni, karani na fomu ya kipato. Ndengu zingepoa. Na yule mtoto wa mwenye gari unayemwogopa hayupo kwenye foleni, ndugu yangu. Yuko akademi ya kulipia, ameshushwa na basi la manjano asubuhi. Wenye uwezo Nairobi wamejichuja wenyewe zamani.

Kinachoniuma mimi ni upande wa pili. Programu ilianza mwaka 2023 na shule za umma na chekechea za kaunti. Nenda Mathare au Mukuru: watoto wengi wanasoma kwenye shule ndogo za mabati ambazo si za serikali, kwa sababu shule ya umma iko mbali au imejaa. Kwenye karatasi hao nao ni watoto wa shule za binafsi.

Binti yangu alihesabiwa miongoni mwa wenye uwezo chuoni kwa sababu kwetu kuna nyumba ya mawe. Mimi ni kibarua wa mjengo. Mashine ilitujuaje? – Baba wa Githurai

Haikuwajua. Ilikisia. Mfumo wa kufadhili vyuo vikuu ulioanza 2023 unawagawa wanafunzi makundi matano kwa majibu ya fomu kuhusu familia. Mahakama Kuu iliusema ni kinyume cha Katiba Desemba 2024, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Rufaa. SHA nayo, kwa mtu asiye na hati ya mshahara, hukadiria mchango wake kwa maswali ya aina hiyo: paa ni la nini, choo ni cha aina gani. Nyumba ya mawe huenda ilijengwa na babu kwa pesa za kahawa, lakini fomu haina nafasi ya kuandika jina la babu.

Na hapa ndipo ninapoogopa sana nikisikia wanasiasa wetu wakisema tukate huduma fulani kwa "wenye kipato kikubwa". Kenya hii, kipato kikubwa maana yake ni kipato kinachoonekana. Mwalimu anaonekana. Muuguzi anaonekana, senti kwa senti, kila tarehe ya mwisho wa mwezi. Mwenye hadwea (maduka ya vifaa vya ujenzi) tatu barabara ya Thika anayeuza kwa pesa taslimu haonekani, na akijaza fomu atasema biashara ni mbaya. Uingereza, pamoja na kasoro zote nilizotaja, angalau wanaijua mishahara ya karibu kila mtu. Sisi tukichora mstari, tutakuwa tunawakata wenye hati na kuwaacha wenye maghala.

Siku Kenya ikilipa posho ya mtoto, iingie M-Pesa ya nani? – Embakasi

Ya mama. Waingereza walishapigana vita hivyo. Mwaka 1945 mswada wa kwanza ulitaka baba ndiye alipwe. Eleanor Rathbone, mbunge aliyeipigania posho hiyo kwa miaka mingi, akakataa katakata, na bunge likabadilisha: shilingi tano kwa wiki, kuanzia mtoto wa pili, mkononi mwa mama. Malipo ya kwanza yalitoka Agosti 1946. Rathbone alikuwa amefariki Januari.

Mnaona sasa utamu wa mpango wa Osborne? Pesa inaingia kwa mama, na deni la kuirudisha linakwenda kwa anayepata zaidi, ambaye mara nyingi ni baba. Kwa nyumba ambazo watu hawaambiani mishahara, na ninyi mnazijua, hiyo ni kesi ya wazee.

Acha kuzunguka. Wewe ungekata au usingekata? – Ngara

Nisingekata kwa mtoto. Ningempa kila mtoto mdogo, halafu ningemfuata mzazi mwenye nacho kwenye ushuru, ambako tayari tuna ngazi, kuanzia asilimia 10 hadi 35.

Lakini nakiri kitu. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, yatima na walemavu, inatoa Sh2,000 kwa mwezi, na wanaosubiri kwenye mlango wa chifu ni wengi kuliko walio ndani. Kama waziri angeniambia ana pesa za kaunti mbili tu, singezipeleka Runda kwa matajiri. Ningechuja, kwa shingo upande. Na nikilazimika kuchuja ningeiga Afrika Kusini kuliko Uingereza: ruzuku yao ya mtoto, iliyoanza 1998, ina kiwango kimoja kwa mzazi aliye peke yake na mara mbili yake kwa wanandoa. Angalau Mama wa South B asingekuwa na la kuandika.

Mkilipa watu kwa watoto, si tutazaa saba saba? – Bila jina

Majaribio ya posho ya mtoto huko Embu, Kajiado na Kisumu yalitoa Sh800 kwa mwezi kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, bila kuangalia mshahara wa mzazi. Gawanya kwa siku 30. Haifiki pakiti ya maziwa ya nusu lita. Kama yuko mtu Nairobi anayeweza kuzaa mtoto kwa ajili ya hizo, aniandikie, nitamwachia safu nzima ya wiki ijayo.