Maswali na Majibu: Mipangilio ile ile, picha za asubuhi safi, za jioni giza

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mlezi wa klabu ya vijana katika Wilaya ya Chamwino. Tuna vijana 14 na kamera moja inayoweza kurekebishwa kwa mkono, yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55. Hivi karibuni tulilipia mafunzo ya siku mbili, na aliyetufundisha akatuachia kadi ya mipangilio iliyofanyiwa laminesheni. Kwa picha za nje, kadi inasema ISO 100 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), shata 1/500 (sehemu ya sekunde inayofunguka), tundu la lenzi 8. Saa 4 asubuhi tuliwapiga picha akina mama wakicheza muheme uwanjani, na picha zikatoka safi. Saa 10 jioni ngoma ilihamia chini ya mkwaju, tukatumia mipangilio ile ile, na picha zote zikawa giza. Jumapili tukaamua kuweka oto, yaani kamera ijipangie yenyewe, kwenye kipaimara, lakini watoto waliovaa nguo nyeupe wakatoka na nyuso nyeusi kabisa. Muuzaji wa vifaa anatushauri tununue lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 1.8. Je, tununue? Na ni mipangilio gani ya jioni inayokosekana kwenye kadi yetu?

Jibu: Marahaba, ndugu mlezi. Lenzi subirini kwanza. Mipangilio ya jioni nayo haikosekani kwenye kadi yenu, kwa sababu kitu kinachoitwa mipangilio ya jioni hakipo. Sitaeleza hapa tundu la lenzi ni nini wala shata inafanya kazi gani, maana swali lenu linaonyesha kwamba hayo mmekwisha kuyapata. Ninachotaka kukishughulikia ni hiyo kadi, ambayo imenichosha. Nimeziona za kila aina hapa Dodoma: ipo yenye safu ya harusi, ipo ya mahafali, ipo ya mikutano, na nimewahi kukutana na moja iliyokuwa na safu ya msiba. Nilimwuliza kijana aliyeinunua ni kwa namna gani mwanga wa msibani unatofautiana na wa harusini, ikiwa shughuli zote mbili zinafanyika chini ya turubai lile lile, naye akasema somo halikufika huko.

Kadi yenu inasema "nje", na neno hilo halitaji kiasi chochote cha mwanga. Uwanja mtupu saa 4 asubuhi wakati wa kiangazi, mbingu ikiwa haina wingu, ni nje. Chini ya mkwaju ni nje. Baraza lililopewa kivuli na ukuta ni nje vilevile. Kutoka kwenye jua kali hadi kwenye kivuli cha wazi, mwanga hupungua kwa takriban hatua 4, na kwa kuwa kila hatua ni nusu ya ile iliyotangulia, maana yake ni kwamba akina mama wale walikuwa na mwanga uliopungua mara 16, au hata zaidi ikiwa mkwaju wenyewe ni wa majani mazito. Nyinyi hamkuliona pengo hilo kwa sababu mboni ya jicho hujipanua yenyewe bila kuomba ruhusa, na baada ya dakika mbili kivulini mtu huamini kwamba mwanga ni ule ule. Kamera mliyoifunga kwenye 1/500 na 8 haina mboni ya namna hiyo. Ilitii.

Tufanye hesabu ya mkwaju huo, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha jinsi mpiga picha anavyofikiri. Mnahitaji kurudisha hatua 4. Shata siwashauri kuigusa, kwa kuwa mikono ya mpiga muheme haitulii na kwenye 1/125 viganja vitatoka kama moshi. Lenzi yenu, mkiivuta hadi milimita 55, kwa kawaida haifunguki zaidi ya 5.6 (namba ikipungua, tundu hupanuka), na kutoka 8 hadi 5.6 ni hatua 1. Zimebaki 3, nazo mtazipata kwenye ISO: kutoka 100 kwenda 200, 400, halafu 800. Kwa hiyo ISO 800, shata 1/500, tundu 5.6. Chenga, yaani vitone vinavyochafua picha, zitakazoonekana kwenye 800 kwa kamera za miaka hii ni kidogo mno, na mtu anayewaambia vijana kwamba ISO isivuke 100 katu anawafundisha kupiga picha za giza kwa heshima kubwa.

Inasikitisha zaidi kwamba namba za kadi yenu si za uongo. Enzi za filamu, ukifungua boksi ulikuta maelekezo yenye michoro midogo ya jua, wingu na kivuli, na kanuni iliyokuwa nyuma ya michoro ile ilikuwa kwamba kwenye jua kali lisilo na wingu uweke tundu 16, na shata iwe karibu na namba ya kasi ya filamu yenyewe. Kwa filamu ya 100, unapata 1/125 na 16. Hamisheni hatua mbili kutoka upande mmoja kwenda mwingine, yaani shata iwe 1/500 na tundu 8, mwanga unaobaki ni ule ule kabisa, na hiyo ndiyo kadi yenu. Aliyeiandika alinakili kanuni sahihi, kisha akafuta mchoro wa jua na kuandika "nje". Filamu haikuwa na kioo nyuma cha kumwonyesha mtu kosa lake papo hapo, na labda ndiyo maana tulilazimika kuutazama mwanga kabla ya kubonyeza. Mimi mwenyewe nilipoteza mkanda mzima wa picha 36 kwenye harusi moja kwa sababu niliingia kanisani na namba za uani, na sikujua hadi filamu iliposafishwa siku kadhaa baadaye. Tangu siku hiyo naingia mlangoni nikiwa nimeshika kizungusho cha shata.

Kuhusu kipaimara, hapo ndipo penye dhana inayowapoteza watu wengi kuliko kadi, nayo ni imani kwamba kipima mwanga cha kamera kinajua kilichoko mbele yake. Hakijui. Kinakadiria kwamba chochote unachokielekezea, ukikichanganya chote pamoja, kina weupe wa wastani, yaani rangi ya kijivu iliyo katikati ya nyeusi na nyeupe, na kinarekebisha mwanga mpaka kifike hapo. Fanyeni jaribio hili kabla ya mkutano wenu ujao: tundikeni shati jeupe la shule ukutani kwenye kivuli kisichobadilika, wekeni kamera kwenye oto, mzime flashi, lijazeni fremu yote kwa shati, mpige. Kisha chukueni sufuria iliyoota masizi kwenye jiko la kuni, geuzeni kitako chake kielekee kamera, jazeni fremu, mpige tena. Pangeni picha hizo mbili kando kwa kando kwenye kioo. Shati litakuwa limechafuka na kuwa la kijivu, masizi yatakuwa yamefifia na kuwa ya kijivu, na kijana ambaye hakuwepo atapata shida kuwaambia ipi ni ipi. Kamera za kisasa hujaribu kubahatisha na kurekebisha kidogo, kwa hiyo tofauti fulani itabaki, lakini mwelekeo ni huo.

Sasa mpangeni mbele ya kipima mwanga hicho mstari wa watoto 20 wenye nguo nyeupe, na ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa nyuma yao. Kiliona weupe mwingi, kikapunguza mwanga, na nyuso zilizokuwa nyeusi kwa asili zikazama. Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa kilichopo kwenye kamera nyingi za aina yenu: katika mazingira meupe, ongezeni hatua 1, mtazame, na mkiona haitoshi ongezeni kidogo tena. Akina mama waliovaa kaniki mbele ya nyumba ya udongo wanahitaji kinyume chake. Njia nyingine, ambayo huwapa vijana kwa sababu haihitaji kifaa, ni kiganja. Nyosheni mkono kwenye mwanga ule ule unaoangukia uso wa mnayempiga, mjaze fremu kwa kiganja, msome kipimo, kisha muongeze hatua 1, kwa kuwa kiganja kina weupe unaozidi ule wa wastani kwa kiasi kama hicho. Viganja vya watu havitofautiani sana hata pale ambapo nyuso zao zinatofautiana, na kila kijana anavyo viwili.

Nikiyasema haya huwa nasikia jibu kwamba si neno, picha itarekebishwa baadaye kwenye simu. Giza la wastani linaweza kuinuliwa, japo huinuka na chenga zake. Weupe ulioungua haurudi: pale gauni lilipogeuka doa jeupe lisilo na mikunjo wala ushonaji, kamera haikuhifadhi chochote, na programu inayodai kuurudisha inachora gauni la kubuni. Kwa nguo za kipaimara, kwa hiyo, muwe na tahadhari pande zote mbili. Ongezeni mwanga kwa ajili ya nyuso, lakini mkuze picha kwenye kioo na muhakikishe kwamba mikunjo ya nguo bado inaonekana.

Muuzaji wa lenzi hakuwadanganya kabisa. Kutoka tundu 8 hadi 1.8 ni zaidi ya hatua 4, na kwa lenzi ile kadi yenu ingetoa picha angavu chini ya mkwaju bila kubadilisha kitu kingine. Angavu, ndiyo, lakini wachezaji wa mstari wa mbele wangeonekana vizuri na wa nyuma yao wangegeuka ukungu, kwa kuwa tundu pana hupunguza kina cha sehemu inayotoka kwa ukali. Mngerudi kwake kulalamika, naye angekuwa na lenzi nyingine ya kuwauzia. Ni lenzi nzuri na si ghali ikilinganishwa na nyingine, nami ninayo. Inunueni siku mtakayoweza kumweleza kwa nini mnaitaka.

Wala msiwasikilize wale wa upande wa pili, wanaowatambia vijana kwamba mpiga picha wa kweli hagusi oto. Nusu ya kazi zangu za mikutano nazipiga nikiwa nimechagua tundu mwenyewe na kuiachia kamera shata, kwa sababu watu wanaingia na kutoka kivulini na vidole vyangu si vya umeme. Anayejua kipima mwanga kinavyodanganyika anaweza kutumia oto bila kuaibika, na asiyejua ataharibu hata akiwa ameweka kila kitu kwa mkono.

Ninachowaonya walezi wa klabu ni biashara nzima inayokua kwa kuuza njia za mkato: mafunzo ya siku mbili yenye cheti, mafaili ya kurekebishia rangi za picha yanayouzwa kwa jina la mpiga picha fulani kana kwamba rangi ya ngozi ya mtu mmoja itamkaa mwingine, na "siri" zinazotumwa kwa kikundi cha simu baada ya malipo. Kundi hilo hilo ndilo linalowafundisha vijana kupuliza vumbi ndani ya kamera kwa mdomo. Vumbi la Dodoma wakati wa upepo wa kiangazi mnalijua; likichanganyika na mate juu ya kihisi cha picha linakuwa tope. Badilisheni lenzi ndani ya nyumba, uso wa kamera ukitazama chini, na mtumie kipulizio cha mpira. Nimeletewa kamera iliyofutwa ndani kwa pamba na manukato. Mwenye nayo alisema alielekezwa na fundi, na sikuwa na la kumjibu zaidi ya bei ya kihisi kipya.

Kwa vijana 14 na kamera moja, kazi yenu ya mwezi huu iwe mlango. Chagueni mlango mmoja unaotazama magharibi, mwupige picha saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7, saa 10 na saa 12 jioni, ISO ikiwa imefungwa mahali pamoja. Kabla ya kamera kuwashwa, kila kijana autazame mlango, aandike kwenye daftari lake shata na tundu anavyokisia, na ndipo mmoja wao apime. Asiyeshika kamera siku hiyo atakuwa amejifunza sawasawa na aliyeishika. Wiki ya kwanza watakosea kwa hatua 3 au 4. Mkinitumia ripoti, nitumieni makisio hayo kabla ya picha.

Kadi msiitupe, maana mmeilipia. Igeuzeni, nyuma ni tupu, na muandike kwa kalamu ya kufutika. Mstari wa kwanza uwe wa mkwaju wenu: saa 10 jioni, kiangazi, jua wazi nje ya kivuli, ISO 800, 1/500, 5.6. Mvua zikianza na mkwaju ukiongeza majani, mtaufuta mstari huo na kupima upya.