Jibu: maiki ya bei nafuu ya kunasa sauti za ndege wanaopita usiku, Kisumu

Kaka, umeuliza kama unaweza rekodi ndege wahamiaji wakipita usiku hapo Dunga, kando ya Ziwa Victoria, bila mashine ya bei kali. Unaweza kabisa. Chukua kile kimaiki cha kubana kwa kola, kiweke chini ndani ya ndoo ya plastiki kikiangalia juu, halafu funika mdomo wa ndoo na nailoni nyembamba, ivute ikaze kama ngozi ya ngoma, mvua haiingii na sauti inapita tu. Bill Evans, mtafiti wa milio ya ndege wa usiku wa Marekani, ndiye aliieneza mbinu hii akitumia chungu cha maua. Ndoo inapunguza kelele za pembeni, na vyura wa hapo kwenu nawajua, kwa hivyo ukipata ghorofa panda juu ya slabu, paa la mabati hapana, mvua ikianza husikii kitu. Rekodi faili la WAV, lisilobana sauti, maana MP3 huibana na inakula ile milio myembamba ya juu, na ndiyo tunaitafuta! Simu ya zamani na pawabenki zinatosha. Asubuhi usikae kusikiliza masaa yote, fungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, uangalie spektogramu, yaani picha ya sauti, mlio unaonekana kama kamstari kafupi. Oktoba na Novemba wanashuka wengi kutoka Ulaya na Asia, tafadhali utuwekee utakachopata.