Pweza Hana Damu: Je, Inafaa Kumkata Angali Hai?

Muulizaji ni mjane wa Mwambani, Tanga, anayelea watoto kwa pweza anaowapata maji ya bamvua yanapokupwa. Mteja akitaka minyiri miwili tu, humkatia papo hapo, pweza akiwa hai ndooni. Wenzake humwambia asiye na damu hana roho wala fahamu. Juzi mnyiri alioukata uling'ang'ania kiganja chake, na tangu siku hiyo hana raha.

Jibu: Dada yangu, riziki yako ni halali. Hata mnyiri uliokatwa ni halali kuliwa, kwa kuwa mfu wa baharini ni halali, lakini uhalali wa nyama hauhalalishi mateso.

Neno la "asiye na damu itiririkayo" limo kweli katika vitabu vyetu vya fikihi, yaani sheria za dini, ila limo katika mlango wa najisi: nzi akifia kwenye chai, chai haitanajisika. Wanaolitoa humo na kulifanya hoja kwamba kiumbe hana roho wanaidhulumu elimu. Sisimizi naye hana damu hiyo, na bado katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim tunasoma kwamba nabii mmoja aliumwa na sisimizi mmoja, akaamuru kijiji chao kichomwe, na Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kuuteketeza umma unaomsabihi. Isitoshe, pweza anayo damu, ya buluu kwa shaba iliyomo, na mioyo mitatu ya kuisukuma.

Kuhusu fahamu, mnyiri ule si ushahidi, maana minyiri ina neva zake na hujongea hata baada ya kukatwa. Swali ni la yule aliyebaki ndooni, na hakuna kati yetu aliyeingia ndani yake akajua. Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hadithi ya Shaddad bin Aws aliyoipokea Muslim, alisema Mwenyezi Mungu ameandika ihsani, yaani kutenda kwa wema, katika kila kitu, na tukiua tuue vizuri. Hakutungojesha mpaka tuthibitishe kwamba kinachouawa kinaumia.

Basi ukimtoa tu majini, mchome kisu katikati ya macho, ndipo umpige mwambani na kumkatia mteja atakacho. Yaliyopita hukuyafanya kwa ukatili. Omba msamaha, ulale.

Na ukimkuta jike tunduni amekaa na mayai, mwache. Huyalinda bila kula, na yakianguliwa hufa. Sisemi kumtoa ni haramu, dada yangu, nakuomba tu.