TIN siyo VRN jamani: kwa madalali wapya wa Kigoma

Jana kijiweni Mwanga dogo mmoja ananionyesha invoisi yake kwa mbwembwe, kamisheni ya nyumba, chini kaandika "pamoja na VAT 18%", yaani kodi ya ongezeko la thamani. Namuuliza umesajiliwa VAT? Anajibu, TIN ninayo kaka. Nikacheka halafu tumbo likanikata, maana huyo dogo ni mimi wa zamani.

1. TIN, namba ya mlipakodi, hata bodaboda anayo. VRN ni namba ya aliyesajiliwa VAT, na kulazimika kusajiliwa kwa mauzo ni kuanzia milioni 200 ndani ya miezi 12 (ilikuwa 100, ikapandishwa 2023). Mauzo yako wewe ni kamisheni siyo bei ya nyumba, kwa hiyo umeuza nyumba ya milioni 210 Katubuka, usihame mji.

2. Hii ndo yangu. Kampuni moja ilikuwa inatafuta ghala karibu na Kibirizi, nikawazungusha wiki nzima juani mpaka likapatikana. Mhasibu wao akasema tunakupa 2,360,000, VAT ndani. Nikaitikia ndiyo ndiyo, kichwani najua "VAT ndani" ni kama cha juu, yaani wameniongeza. Nikaenda stesheneri, dada anachapa invoisi ananiuliza VRN namba ngapi, namwambia weka tu hiyo TIN zinafanana. Chini ikatokea safi kabisa: VAT 360,000. Hela ikaingia, nikalipa ada za watoto, nikanunua bati, nikachinja na mbuzi. Miezi ikapita, mhasibu anapiga, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iko wapi, wakaguzi wanaitaka. Risiti gani tena? Nikaitwa ofisi ya kodi, nikaenda kifua mbele, mimi sijasajiliwa, VAT hainihusu! Mama wa pale mpole kweli akanisogezea karatasi yangu mwenyewe: "Hukuruhusiwa kuitoza baba, lakini umeitoza, sasa hii 360,000 ni ya nani?" Nikakaa kimya. Nikapiga hesabu kwa jasho, 18% ya 2,360,000, nikapata 424,800, nikataka kulia. Akanirekebisha: ikiwa ndani unagawa kwa 1.18, milioni 2 yako, 360,000 ya serikali. Nikakaribia kumshukuru. Nililipa kwa awamu, ile kampuni dai lao la kurudishiwa VAT likakwama sababu yangu, na hawajanipigia tena mpaka leo. Mbuzi ndo alishaliwa.

3. Mteja akisema VAT ndani na huna VRN, mwambie palepale kabla ya invoisi: sijasajiliwa, kamisheni yangu milioni 2 kavu.

4. Kodi ya zuio, ile mteja anayoikata kwenye malipo yako kabla ya kukulipa, ni kitu kingine kabisa, wakikukata dai cheti.

5. Hela ya mwenye nyumba isipite kwenye simu yako. Kuna mwenzetu alipokea ya kiwanja nzima akidhani ndo kuaminika, siku ya kuulizwa mauzo yake ni yapi anahangaika kueleza ipi yake ipi ya watu, mesej zenyewe kashafuta simu ilikuwa imejaa video.

Basi dogo ananiuliza, kwa hiyo nifute? Utafuta nini na ushaituma, mpigie mhasibu leo leo kabla hajaingiza kwenye ritani yao ya VAT ya mwezi, tarehe 20 hiyo inakuja, mwambie unaleta invoisi nyingine isiyo na VAT na hiyo 18% wasikulipe. Anasema sina salio kaka.

Nikamtumia vocha.